Mdogo Wangu, Usikope kwa Ajili ya Keki

Mdogo wangu, vuta kigoda tukae. Leo tuongee habari ya bethdei za hawa watoto wetu wa miaka tisa mpaka kumi na miwili, maana naona wengi wenu zinawakosesha usingizi na hamsemi. Mtoto wa miaka mitatu hana neno. Mpe andazi na puto, atacheka mpaka jioni. Huyu wa darasa la tano ndiye mtihani. Ameshakwenda kwenye sherehe ya mwenzake kule Makanyagio, hapahapa Mpanda, ameona keki ya ghorofa mbili, ameona spika zinanguruma na watu wakipiga picha, karudi nyumbani na swali moja tu: "Mama, na mimi yangu lini?" Hapo moyo unakupasuka, maana kilichomo kwenye pochi unakijua wewe peke yako.

Nakuelewa, wala sikucheki. Kila mzazi anataka mtoto wake aonekane mbele ya wenzake. Wengi wenu mmekulia nyumba ambazo siku ya kuzaliwa ilipita kimya, hakuna aliyeikumbuka, mkaapa kwamba wa kwenu hawatapita njia hiyo. Ni haki yenu kabisa. Ila hamu hiyohiyo ndiyo inayomfanya mama mwenye akili zake timamu aweke sahihi kwenye karatasi ya mkopo kwa ajili ya keki itakayokwisha kwa dakika kumi.

Basi tuanze na huo mkopo, na nitaurudia tena mbele, usinichoke. Mkopo wa kausha damu unaujua. Jina lake limeshajieleza. Ile mikopo ya kwenye simu ni ndugu yake wa tumbo moja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa mtandao zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopeshaji wa namna hiyo, ukichelewa kulipa, hawakusumbui wewe tu. Wanawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako: mkweo, mchungaji wako, shehe wako, mwalimu wa mtoto. Mwalimu uliyemwalika Jumamosi aje kula keki, Jumatano anasoma kwamba mama wa mwanafunzi wake hataki kulipa deni. Mdogo wangu, aibu hiyo utaifutia nini? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Fedha ya kikoba nayo iogope vilevile. Ukikopa kwa jina la mtaji wa genge, ukanunua maputo, siku ya marejesho wenzako watakudai na genge halina nyanya. Hapo umeondoa chakula cha mwezi mzima mezani kwa watoto walewale uliotaka kuwafurahisha.

Na usidhani mtoto haoni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anasikia mnavyonong'ona usiku. Anaona simu ikiita usipokee. Anakuona umekaa mlangoni shavu mkononi. Akiunganisha hayo na sherehe yake, anapata jibu moja baya: "Ni kwa sababu yangu." Yupo mtoto aliyekula keki nzuri kuliko za wenzake wote, akabaki mwaka mzima akijiona mzigo kwa mama yake. Hilo hukulikusudia, najua. Lakini ndilo utakalokuwa umemlisha.

Kwa hiyo neno langu kubwa la leo ni hili: mwambie mtoto kiasi kilichopo, kisha mpange pamoja naye. Wa umri huu anaweza. Shuleni anafundishwa hesabu za fedha, za faida na hasara. Sasa mama yake ampe kazi ya kweli. Mkalishe, mwambie bila kulia na bila kufoka: "Mwanangu, mwaka huu tuna elfu arobaini kwa ajili ya siku yako. Haiongezeki. Tukae tuone itatufikisha wapi." Usianze kumsimulia ugumu wa maisha tangu ulipozaliwa. Kiasi tu, na kalamu.

Atanuna. Mwache anune. Pengine atakwambia mama wa fulani amemnunulia mwanawe hiki na kile. Mwambie usisafirie nyota ya mwenzio, halafu endelea na daftari. Ligawe kurasa tatu: wa lazima, wa kupendeza, na wa kuacha. Aandike mwenyewe kwa mkono wake. Utashangaa namna mtoto aliyekuwa akilia kwa ajili ya keki ya ghorofa anavyoanza kusema, "Mama, maputo tupunguze, tuongeze nyama." Akishasema hivyo, ujue sherehe imeshaanza na wala hujawasha jiko. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyepanga bajeti ya bethdei yake hatakuja kukusumbua kwa harusi ya kukopa.

Kama siku yake iko mbali, mnunulie kibubu leo. Shilingi 1,000 kila Jumamosi kwa mwaka mzima ni 52,000. Haba na haba hujaza kibaba. Atie mwenyewe, na wewe usikichokonoe kwa kisu siku umeishiwa chumvi. Ukikichokonoa umemfundisha kwamba ahadi ya mzazi ina tundu.

Na asikudanganye mtu kwamba ipo mila inayokudai keki ya ghorofa. Bibi zetu wa huku Katavi, wa Kibende, Kipimbwe, Kikonongo na Kifipa, wengi wao walihesabu umri kwa matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka treni ilipofika Mpanda, ambao ulikuwa 1950, reli ilipoletwa kufuata madini ya risasi. Tarehe ya kuzaliwa hawakuijua, na hawakupungukiwa utu. Hata wimbo ule unaoimbwa kila mahali mishumaa ikiwaka haukuanza na ufahari. Sauti yake ilitungwa na dada wawili wa Kentucky huko Marekani, Patty na Mildred Hill, ikachapishwa mwaka 1893, nao walikuwa wanataka tu watoto wa chekechea wawe na kitu chepesi cha kusalimiana asubuhi. Maneno ya siku ya kuzaliwa yalikuja baadaye. Kwa hiyo hakuna mzee wala mzungu anayekudai. Anayekudai ni jicho la jirani, na jicho la jirani halilipi marejesho.

Sisi wa Katavi tuna jambo letu jingine ambalo wengi hamlitazami. Fedha ya huku ina msimu. Katikati ya mwaka tumbaku inauzwa, mpunga na mahindi viko ghalani, karanga zimejaa magunia, nyumba inacheka. Kuanzia Novemba mvua zinaanza mpaka Aprili. Mbegu na mbolea vinataka fedha, Januari sare na madaftari vinataka fedha, ghala linaonyesha sakafu. Sasa chukua nyumba yenye watoto wawili, mmoja wa Julai, mwingine wa Februari. Wa Julai anachinjiwa mbuzi. Wa Februari anapata chai na "hongera mwanangu." Wewe unajua ni msimu. Yeye anajua kwamba hapendwi. Miaka mitatu minne ikipita hivyo, donda linaingia ndani, na siku moja mtagombana kwa jambo lingine kabisa, litoke hilo la bethdei.

Dawa ipo. Wapangie kiasi kilekile, kila mmoja na kibubu chake. Au wafanyie wote sherehe moja likizo ya Juni, mavuno yakiwa ndani na njia hazina tope, kisha siku yenyewe ya kila mmoja umpe kitu kidogo cha peke yake: achague mboga ya siku hiyo, asioshe vyombo, ulale chumba kimoja naye mpige stori. Wa Desemba mkumbushe kwamba maembe ni yake, hakuna mtoto wa Julai anayekula maembe kwenye bethdei. Na aliye darasa la saba, kama siku yake inaangukia Septemba kwenye mtihani, isogezeni mpaka amalize. Afurahi akiwa mwepesi.

Haya, tuingie jikoni. Wageni wawe idadi ya miaka yake. Anatimiza kumi na mmoja, waje kumi na mmoja, na majina ayachague yeye. Mambo yanaharibika pale unapoalika mtaa mzima wa Nsemulwa kwa sababu unaogopa lawama, watu wazima wakakaa kwenye viti vya kukodi wakila pilau, na mwenye siku yake kasimama nyuma ya mlango hana hata wa kucheza naye. Sherehe ya mtoto wageni wake ni watoto. Mama wenzio wawili wa kukusaidia wanatosha.

Kwa watoto kama kumi na wawili, mchele wa Mpimbwe kilo moja na nusu unatosha, nyama kilo moja ikatwe vipande vidogo, viazi vichache vya kujazia, ukapike pilau. Ukwaju nusu kilo unakupa lita tano za juisi iliyokolea vizuri, na ukwaju huku kwetu si wa kutafuta kwa tochi. Nusu kilo ya mahindi ya bisi inajaza beseni. Karanga za kukaanga, mihogo, togwa kama bibi yupo wa kuitengeneza. Soda za chupa weka kwenye ukurasa wa kuacha, hakuna atakayezililia.

Keki oka mwenyewe, na mtoto akoroge. Unga wa ngano nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai sita, beking pauda vijiko viwili vya chai, maziwa kidogo ya kulainishia. Siagi na sukari vikoroge mpaka viwe vyeupe, mayai uyatie moja moja, unga uje mwisho. Huna ovena? Jiko la mkaa lipo. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka juu yake sufuria ndogo yenye keki, funika, moto chini uwe mdogo, mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko. Baada ya kama dakika arobaini na tano choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu imeiva. Badala ya krimu ya dukani, paka asali ya Inyonga juu yake, nyunyiza karanga zilizopondwa. Watu wa mbali wanaitafuta asali hiyo, na wewe uko nayo mlangoni, unaona haya kuiweka kwenye keki ya mwanao! Acha hizo.

Michezo nayo msiidharau. Mtoto wa umri huu anaogopa sana kuonekana mdogo, kwa hiyo usimchagulie wewe. Muulize. Mara nyingi atataka mashindano ya makundi: rede, kuvuta kamba, mbio za magunia, kukimbia na limau kwenye kijiko, kombolela kabla jua halijazama. Vitendawili wanavipenda kuliko mnavyofikiri, hasa mshindi akipata kalamu. Spika ndogo ya jirani inatosha kwa muziki, na nyimbo uzisikilize wewe kwanza, zile za matusi zitoke. Hapo MC wa kukodi anatafuta nini?

Na kama mwanao si wa watu wengi, usimlazimishe sherehe. Wapo watoto wapole ambao kuimbiwa na umati ni adhabu. Mchukue yeye na marafiki wawili mwende Sitalike, kama kilomita 35 kusini mwa mji, mkaangalie viboko wa Mto Katuma. Kiangazi kikikaza wanarundikana kwenye maji yaliyobaki, ni jambo la kusimuliwa darasani wiki nzima. Ila msisogee ukingoni, kiboko hana utani. Angalieni kwa mbali, pale mtakapoelekezwa na wenyeji au askari wa hifadhi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona Hifadhi ya Katavi, na wapo watoto wa Mpanda wanaomaliza shule ya msingi hawajafika hata hapo Sitalike.

Sasa nikukaripie kidogo, unisikilize vizuri.

Hii tabia ya kumwagia mtoto maji, wengine mpaka tope, unga na mayai mabichi, muulize mwenyewe kwanza. Wapo wanaoipenda. Wapo wanaocheka mbele ya watu na kulia bafuni. Msichana wa miaka kumi na miwili mwili wake umeanza kubadilika. Ukimlowesha nguo mbele ya wavulana wa darasa lake na simu zinarekodi, hiyo furaha ni ya nani? Akisema hapana, iwe hapana, na mjomba mtani naye aambiwe. Na mayai yale, mdogo wangu, ndiyo ya keki.

Pombe isionekane. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mwenye umri chini ya miaka 18 na inakataza kumuuzia pombe, lakini hata bila sheria akili yako inakwambia. Kreti ikishaingia, sherehe si ya mtoto tena, watu wazima wanahama na siku yake. Saa kumi na moja jioni kila kitu kiishe. Kila mtoto arudi kwao na mtu anayejulikana, wala asipakiwe kwenye bodaboda ya yeyote aliyekuwa anapita. Kulala ugenini tusikuzoee. Ukishawaalika watoto wa wenzio, ni amana mpaka watakapofika mlangoni kwao.

Picha piga, lakini usikimbilie kurusha kwenye status. Yupo mtoto wa jirani ambaye hakualikwa, anaishika simu ya mama yake. Yupo aliyekuja na viatu vilivyochanika, naye umemweka wazi kwa watu mia mbili. Chagua picha moja ya mwanao, umuulize kama anaitaka, basi.

Na zawadi zisifunguliwe mbele ya watu. Mtoto wa bibi mmoja ataleta ndizi tatu kwenye mfuko, mwingine hataleta kitu na atatamani ardhi immeze. Mwambie mwanao mapema, kabla ya siku yenyewe, kwamba aliyekuja ameshaleta zawadi. Mnazungumza habari ya heshima kila siku. Hapo ndipo pa kuifanyia mazoezi. Wewe mwenyewe ukitaka kumpa kitu cha kudumu, mpe kuku mtetea. Akilea vizuri, mwakani ana vifaranga, na bethdei ijayo ana mchango wake mwenyewe.

Mji wetu umechanganyika. Wapo Waha, wapo Wasukuma, zipo familia za Katumba na Mishamo ambazo wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972. Wapo pia ambao dini yao au kanisa lao haliruhusu kusherehekea siku ya kuzaliwa. Mama mwenzio akikwambia mwanangu hatakuja, usimnunie wala usimfikirie kwamba anaringa. Mwombe mtoto aje siku nyingine mle wali tu.

Nawe mdogo wangu wa kiume, usikae pembeni kama jambo hili ni la mama peke yake. Mtoto hatakumbuka bei ya keki. Atakumbuka kwamba baba alishika upande mmoja wa kamba. Na kama mtoto yuko kwa bibi yake kijijini wewe uko mjini, usitume fedha ukanyamaza. Piga simu asubuhi kabla hajaenda shule. Kwa mtoto wa umri huo, mzazi kusahau siku hiyo kunauma kuliko kukosa sherehe.

Nilisema nitaurudia mkopo, nimeurudia. Siku tatu kabla ya sherehe ndipo hatari ilipo. Kila kitu kimepangwa, halafu shoga yako anapita na kusema, "Heh, yaani bila mapambo? Watu watasemaje?" Moyo unayumba, mkono unakwenda kwenye simu, na elfu thelathini ni kubonyeza mara tatu. Hapo unisikie sauti yangu: weka simu chini. Mwite mwanao, mfungue daftari, msome kile mlichokubaliana. Ukivunja wewe makubaliano kwa kuogopa maneno ya mpita njia, yeye naye atayavunja akiwa na miaka kumi na saba, na ya kwake yatakuwa makubwa zaidi ya mapambo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi nimemaliza, mdogo wangu. Usingoje mwezi wenyewe ufike ndipo uanze kuhangaika. Leo akirudi shule, ameshakula, amepumzika, mwambie achukue daftari na kalamu. Juu kabisa andikeni kiasi, chini yake majina ya wageni, na yeye ndiye ashike kalamu. Mkikwama kwenye hesabu, punguzeni wageni, msiongeze fedha. Mungu akukuzie huyo mtoto.